Divai ya Orvieto na Fadhila ya Kiasi



Nataka kutetea kitu kidogo: glasi moja ya divai nyeupe, ya baridi, ya bei nafuu, inayonywewa mezani pamoja na chakula na pamoja na watu wengine. Naitetea kwa sababu mazungumzo yetu juu ya vileo, seminarini na parokiani, yamebaki na milango miwili tu. Mlango wa kwanza ni wa ulevi, na kila mmoja wetu anamjua jirani, mjomba au hata mtumishi wa Kanisa aliyeingia humo asitoke. Mlango wa pili ni wa wale wanaosema kileo chenyewe ni uchafu, na kwamba Mkristo wa kweli hutambulika kwa kukikimbia. Kati ya milango hiyo kuna chumba kikubwa ambamo Kanisa limekaa kwa karne ishirini, nasi hatukiingii. Chumba hicho kinaitwa kiasi.

Ili nisizungumze hewani, nitachukua divai moja na mji mmoja. Divai inaitwa Orvieto, na mji ulioizaa unaitwa vivyo hivyo, Orvieto, katika mkoa wa Umbria, Italia ya kati. Nimeuchagua kwa makusudi. Ndiko alikofundisha Mtakatifu Thoma wa Akwino, mwalimu wetu sisi tunaosoma falsafa, kati ya mwaka 1261 na 1265. Ndiko pia ilikotoka hati ya Papa iliyolipatia Kanisa zima Sherehe ya Mwili na Damu ya Kristo, ile tunayoandamana nayo barabarani kila mwaka. Mji huo huo unauza divai ambayo fundi wa kawaida wa Italia anaweza kuinunua Jumamosi bila kuvunja bajeti ya nyumba. Nadhani mambo hayo yana undugu.

Mji juu ya mwamba

Ukipanda treni kutoka Roma kuelekea Florence, baada ya saa moja na ushee unauona mwamba umesimama peke yake bondeni, umekatika wima pande zote, na juu yake mji. Mwamba huo ni wa tufo, yaani jiwe laini lililotokana na majivu ya volkano yaliyoshindiliana. Ni jiwe linalochimbika kwa sururu bila taabu kubwa, na watu wa Orvieto wamelichimba kwa zaidi ya miaka elfu mbili na mia tano. Walianza Waetruski, watu waliokaa huko kabla ya Warumi. Mwaka 264 Kabla ya Kristo Warumi waliuangamiza mji wao na kuwahamishia waliosalia kando ya ziwa, mahali panapoitwa leo Bolsena. Jina hilo tulikumbuke, tutalirudia.

Chini ya mitaa ya Orvieto kuna mapango na vyumba vilivyochongwa zaidi ya 1,200. Vingine vilikuwa machimbo ya mawe, vingine vya kufugia njiwa wa kitoweo, vingine visima, na vingi vilikuwa stoo za divai. Ndani ya tufo joto halipandi wala kushuka sana, iwe kiangazi au majira ya baridi. Kabla ya friji kubuniwa, ubaridi huo ndio uliokuwa siri ya divai ya mji. Zabibu zilikamuliwa juu, maji yake yakateremshwa chini kuchachuka polepole, na divai ikateremshwa chini zaidi kutulia. Mara nyingi ubaridi ulisimamisha uchachukaji kabla sukari yote haijageuka kileo, na kwa hiyo kwa karne nyingi divai ya Orvieto ilijulikana kwa utamu wake wa mbali. Divai kavu, isiyo na utamu, ambayo leo ndiyo imejaa madukani, ilichukua nafasi ya mbele katika karne ya 20.

Jambo la ajabu ni kwamba mji huu wenye divai tele chini ya sakafu uliteseka kwa ajili ya maji. Papa Klementi VII alikimbilia huko baada ya Roma kutekwa na kuporwa mwaka 1527, akaogopa kwamba wakizingirwa watakufa kwa kiu. Akamwagiza msanifu Antonio da Sangallo kuchimba kisima. Kisima hicho kipo hadi leo, kinaitwa Kisima cha Mtakatifu Patrisi: kina cha zaidi ya mita 50, madirisha 72 ya kuingiza mwanga, na njia mbili za ngazi zinazozunguka bila kukutana hata mara moja, ili nyumbu ashukaye na ndoo tupu asigongane na yule apandaye na maji. Ukikaa kwenye meza ya Waitalia utaona alama ya hekima hiyo hiyo: karibu na chupa ya divai pana chupa ya maji. Kiu huondolewa kwa maji. Divai ina kazi nyingine.

Divai yenyewe

Sheria ya Italia iliitambua Orvieto kuwa divai yenye asili inayolindwa mwaka 1971. Inatengenezwa kwa mchanganyiko wa zabibu kadhaa nyeupe, na mbili ndizo zinazobeba mzigo mkubwa: Trebbiano, ambayo wenyeji huiita Procanico, na Grechetto. Ya kwanza inazaa sana na kutoa uchachu. Ya pili inaipa divai mwili. Chupa iliyoandikwa “Classico” imetoka katika eneo la kale linalouzunguka mji wenyewe.

Bei yake ni nafuu, na ni vizuri kujua kwa nini, maana kwetu kitu cha bei ndogo hushukiwa mara moja kuwa ni feki. Mizabibu yake inazaa kwa wingi. Divai ya kawaida ya Orvieto haihitaji kulazwa miaka mingi katika mapipa mapya ya mwaloni yanayogharimu fedha nyingi. Inanywewa ingali changa, mwaka mmoja au miwili baada ya mavuno. Kwa hiyo mnunuzi halipii muda mrefu wa stoo, wala pipa, wala sifa. Chupa ya kawaida katika maduka ya Italia hupatikana kwa chini ya euro kumi, na nyingi huuzwa chini zaidi ya hapo.

Nimeionja. Mwaka jana, tarehe 28 Januari, sikukuu ya Mtakatifu Thoma, padre mmoja mlezi aliyewahi kusoma Roma alitufungulia chupa mbili alizoletewa na mgeni. Tulikuwa kumi na wawili mezani, kila mmoja akapata glasi moja ndogo, na chakula kilikuwa sato wa kukaanga. Rangi yake ni ya majani makavu yaliyofifia. Puani inakuja kama tofaa bichi na ganda la limao. Mdomoni ina uchachu safi unaofanya kazi ile ile inayofanywa na ndimu juu ya samaki: inakata mafuta, inaamsha ulimi, na kukuandaa kwa tonge linalofuata. Mwishoni inaacha uchungu kidogo sana, kama wa lozi, na uchungu huo ndio unaokuzuia kuigugumia. Frateri mmoja kati yetu hanywi kileo. Alimiminiwa juisi ya ukwaju katika glasi ile ile kama yetu, na hakuna aliyemuuliza sababu. Tulikaa mezani muda mrefu kuliko kawaida, tukajadili hoja ya Thoma juu ya umilele wa ulimwengu, tukaosha vyombo, tukaenda Sala ya Usiku tukiwa wazima.

Naona katika glasi ile kila kitu ambacho kiroba hakikuwa nacho. Wasomaji wa Tanzania wanakumbuka pombe kali za vipakti vya plastiki ambazo Serikali ilizipiga marufuku mwaka 2017. Kiroba kilifichwa mfukoni, kilinywewa bila chakula, kwa haraka, mara nyingi na mtu akiwa peke yake, na shabaha yake ilikuwa moja: kulewa kwa fedha kidogo. Orvieto nayo ni ya fedha kidogo, lakini shabaha yake ni chakula kiwe kitamu na watu wakae pamoja. Kwa hiyo urahisi wa bei si tatizo. Swali ni kileo kimewekwa kitumikie nini.

Thoma anasema nini

Katika karne ya 13 Orvieto ilikuwa na kundi kubwa la Wakatari. Hawa walifundisha kwamba ulimwengu huu wa vitu vinavyoonekana ni kazi ya nguvu mbaya, na kwamba roho safi haina budi kujitenga na mwili na raha zake. Ugomvi wao na Kanisa mjini humo ulifikia kumwaga damu: mwaka 1199 mkuu wa mji aliyetumwa kutoka Roma, Pietro Parenzo, aliuawa na wapinzani wake wazushi. Miaka sitini baadaye Thoma alipofika kufundisha katika konventi ya Wadominiko, fundisho hilo bado lilikuwa na wafuasi wake mitaani. Aliyeandika katika mji ule kwamba viumbe ni vyema hakuwa akijaza karatasi tu. Alikuwa akijibu watu waliokaa mtaa wa pili.

Jibu lake kuhusu divai tunalipata baadaye, katika ile kazi yake kubwa, *Summa Theologiae*, Sehemu ya Pili ya Pili, swali la 149 na la 150. Anauliza kama ni haramu kunywa divai. Anajibu kwamba hakuna chakula wala kinywaji kilicho haramu kwa asili yake, akitegemea neno la Bwana kwamba kiingiacho kinywani sicho kimtiacho mtu unajisi. Hata hivyo, divai inaweza kuwa haramu kwa sababu nyingine, naye anazitaja: hali ya mnywaji ambaye divai inamdhuru kwa urahisi, nadhiri aliyoiweka, namna ya kunywa inayopita kipimo, na kikwazo kwa wengine. Tuziangalie sababu hizo vizuri. Zote nne zinamhusu mtu. Hakuna hata moja inayoitupia lawama zabibu.

Katika makala inayofuata anaorodhesha watu ambao wanahitaji zaidi kujizuia na vileo. Katika orodha hiyo wamo vijana, na wamo wahudumu wa Kanisa. Mafrateri wenzangu, sisi tumeandikwa humo mara mbili! Kwa hiyo asije mtu akanukuu makala hii kwa Baba Gombera kama leseni.

Lakini Thoma haishii hapo. Akimfuata Aristotle, anafundisha kwamba kiasi kina adui wawili. Mmoja ni ulafi na ulevi, tunaowajua. Mwingine ni kuichukia raha yenyewe, hata ile ambayo Muumba ameiambatanisha na mambo ya lazima kama kula na kunywa. Aristotle aliona watu wa namna hiyo ni wachache mno, kiasi kwamba hawana hata jina maalumu. Thoma anakiita kilema hicho kwa jina na kukiweka kati ya vilema. Tena anafika mbali: anasema mtu anayejua anachokifanya, akajinyima divai hadi kuuumiza mwili wake vibaya, naye hakosi hatia. Kujinyima kuna thamani pale kunapotumikia jema kubwa zaidi, kama sala, toba, afya au mapendo kwa ndugu aliye dhaifu. Kujinyima kwa sababu unadhani Mungu aliumba kitu kibaya ni jambo jingine kabisa, na Orvieto ya karne ya 13 iliwajua watu wa namna hiyo kwa majina yao.

Mtu mwingine wa Umbria, Mtakatifu Benedikto wa Norcia, alikuwa amekwisha kulielewa hilo karne nyingi kabla. Katika sura ya 40 ya Kanuni yake aliwapa wamonaki kipimo cha divai kwa siku, akaongeza kwamba wale waliojaliwa na Mungu kujinyima watapata thawabu yao, na akawakataza kunung'unika mahali ambapo divai haipatikani. Mnywaji, asiyekunywa, na aliyekosa, wote watatu wana nafasi mezani pake. Ni nadra kupata sura fupi namna hiyo yenye ubinadamu mwingi kiasi hicho.

Kutoka mezani hadi altareni

Sasa turudi Bolsena. Mapokeo yanasimulia kwamba mwaka 1263 padre mmoja kutoka Bohemia, aliyesumbuliwa na mashaka juu ya Ekaristi, aliadhimisha Misa huko, na damu ikatoka katika Hostia na kuilowesha korporale. Kitambaa hicho kilipelekwa Orvieto, mwendo wa kilomita ishirini hivi, kwa Papa Urbano IV aliyekuwa akiishi huko. Kinatunzwa hadi leo katika kanisa kuu, lile lenye kuta za mistari ya mawe meusi na meupe, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1290.

Urbano alikuwa na sababu nyingine pia. Kabla ya kuwa Papa aliwahi kuwa arkidiakoni huko Liège, Ubelgiji ya leo, ambako Mtakatifu Juliana aliiombea Ekaristi sherehe ya pekee, na jimbo hilo likaipokea mwaka 1246. Tarehe 11 Agosti 1264, kutoka Orvieto, Urbano aliieneza sherehe hiyo kwa Kanisa zima. Kwa mujibu wa mapokeo, aliyetunga sala na nyimbo zake ni Thoma. Tunaziimba hadi leo tunapozunguka na Monstransi.

Tafakari jambo hili, ndugu msomaji. Bwana angeweza kuchagua maji matupu. Angeweza kuchagua kitu adimu, kama manemane au dhahabu iliyoyeyushwa. Alichagua mkate na divai, vitu vya mezani, vyenye ladha, vinavyopita mikononi mwa mkulima na mkamuaji kabla ya kufika kwa padre. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 924, inadai divai iwe ya asili, ya tunda la mzabibu, na isiyoharibika. Haidai iwe ya gharama. Haitaji hata rangi, na sakristia nyingi hutumia nyeupe kwa sababu rahisi sana: haiachi madoa kwenye vitambaa vya altare. Thoma anatufundisha kwamba baada ya mageuzo, uwamo ni wa Kristo mzima, lakini maumbile ya nje yanabaki, na ladha ni mojawapo. Mungu hakuona aibu kuiacha ladha ile ile iendelee kuwa ndimini mwetu katika saa takatifu kuliko zote. Anayesema divai ni uchafu, basi atuambie kalisini kuna nini wakati wa matoleo.

Pingamizi tatu

Najua nitakayoambiwa, na ni haki niambiwe.

La kwanza ni zito: “Frateri, wewe unaandika juu ya ladha ya limao, na huku baba fulani wa jumuiya yetu amekunywa ada ya shule.” Ni kweli. Nimetembelea familia za namna hiyo wakati wa kazi za kichungaji, na sina maneno ya kupamba machozi ya mama. Kwa mtu aliyefungwa na kileo, kiasi chake ni sifuri, naye anapaswa kuheshimiwa kama askari aliyetoka vitani. Kanisa lenyewe linamheshimu: padre mwenye ugonjwa wa ulevi anaweza kuruhusiwa na Askofu wake kutumia mustum, yaani maji ya zabibu ambayo uchachukaji wake umesimamishwa mapema bila kubadili asili yake. Lakini tujiulize, vijana wanaojiunga na ulevi leo, nani aliwahi kuwaonyesha namna nyingine ya kunywa? Wengi wameonyeshwa ukali nyumbani na kiroba mtaani. Hawajawahi kumwona mtu mzima anayeheshimika akinywa glasi moja, akaweka kifuniko, akaendelea na mazungumzo. Fadhila, anasema Aristotle, hufundishwa kwa kutenda na kwa kumtazama mwenye nayo. Hakuna anayejifunza kuogelea kwa kuhubiriwa kwamba mto unaua.

La pili: “Hiyo ni anasa ya Wazungu.” Nakubali kwamba kuagiza divai Italia kwa ajili ya meza yetu kungekuwa upuuzi, maana usafiri na ushuru vingegeuza kitu cha maskini wa kule kuwa kitu cha tajiri wa huku. Sifa ya Orvieto ni kwamba inanywewa karibu na ilikozaliwa. Nasi tunacho cha kwetu chenye damu ya Italia ndani yake. Mizabibu ya Dodoma ilianzishwa Bihawana na wamisionari wa Kipasionisti kutoka Italia katika karne iliyopita, na leo udongo ule mkavu unatoa zabibu nyekundu ya Makutupora na zabibu nyeupe ya Chenin Blanc. Wakulima wake wamelalamika mara nyingi kwamba hawana soko la uhakika. Kama Waitalia wa Orvieto hawaoni haya kunywa divai ya bei ndogo ya mwamba wao, kwa nini sherehe ya parokia yetu ione haya kuweka mezani divai ya Dodoma?

La tatu limo ndani ya lile la pili, nalo linatuhusu sisi tunaotarajia upadre. Mmeona jubilei na sherehe za upadrisho. Mmeona meza ya wageni wa heshima na chupa zake ndefu za pombe kali za nje, ambazo bei ya moja ingelisha jumuiya ndogo ndogo wiki nzima, na mmeona meza za waamini zenye soda moja moja. Hapo kosa si ulevi. Pengine hakuna hata aliyelewa. Kosa ni kwamba kinywaji kimeacha kuwa tunda la ardhi kikawa cheo. Mtu hanywi tena kwa sababu ya ladha. Anakunywa lebo. Kiasi kinahusu lita, lakini kinahusu pia bei, na kinahusu nani amekaa meza gani.

Ninachopendekeza

Nina mapendekezo matatu, yote ya gharama ndogo.

Kwanza, hapa seminarini tuzungumze juu ya vileo waziwazi, kama sehemu ya malezi ya kibinadamu, tukianzia na swali la 149 na si na orodha ya adhabu peke yake. Kanuni za nyumba zibaki kama zilivyo. Sitetei hata moja ifutwe. Lakini frateri anayejua kwa nini anajizuia ana msingi. Frateri anayejizuia kwa kuogopa kukamatwa atakunywa siku ya kwanza atakapokuwa na funguo za nyumba yake ya parokia.

Pili, kamati za sherehe parokiani zikubaliane juu ya meza moja na kinywaji kimoja. Kama ni divai, iwe ya kawaida na wote wapate kidogo. Kama haitoshi wote, basi maji ya matunda kwa wote, kuanzia kwa Mhashamu hadi kwa mpiga kinanda. Tusisahau pia kwamba huko Kana aliyeonja kwanza alikuwa msimamizi wa karamu, lakini waliojua divai ile imetoka wapi walikuwa watumishi waliochota maji.

Tatu, asiyekunywa asiulizwe. Asitaniwe, asilazimishwe “kidogo tu kwa ajili ya mtarajiwa,” asidhaniwe kuwa Mprotestanti au mgonjwa. Amiminiwe alichonacho katika glasi inayofanana na za wengine. Meza inayomheshimu asiyekunywa ndiyo meza salama kwa anayekunywa.

Mwaka huu tutakapotoka na maandamano ya Ekaristi, tukipita mbele ya vilabu na maduka ya jumla, baadhi ya watu watainuka na kuvua kofia wakiwa na chupa mkononi. Tusiwatazame kwa jicho la Wakatari. Kilicho mkononi mwao kimetoka shambani, kama kilivyotoka shambani kile tunachokiweka altareni kabla ya maneno ya mageuzo. Wanachokosa ni meza, chakula, ndugu wa kukaa nao, na mtu wa kuwaonyesha wapi pa kuishia. Hayo manne Kanisa linayo. Tuwape.